Ombi la Karani Asiyekula Alichokiandika

Temeke,
Jumamosi, 14 Agosti 1954.

Kwa Bwana Adelard,
Karani Mkuu,
Ofisi ya Mazao na Mifugo.

KUHUSU: KUHAMISHIWA GHALA LA KUNDE

Mheshimiwa Mzee wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakufikia baada ya chai ya saa nne na si kabla yake, maana nimeona mambo yaletwayo mezani kwako kabla ya chai huwa hayafiki mbali.

Najua utashangaa kupokea barua kutoka kwa mtu ambaye meza yake iko karibu na yako kiasi cha kukusikia ukifungua kopo la ugoro. Ningeweza kusimama nikasema. Nimejaribu. Juzi nilisimama mbele yako nikiwa na maneno yote kichwani, ukaniuliza, "Unasemaje, Kasiani?" nikajikuta nasema kwamba dirisha linalia na bawaba zinahitaji mafuta. Nakushukuru kwa kuagiza mafuta. Lakini hilo silo lililonileta.

Lililonileta ni tangazo ulilobandika ubaoni, lisemalo kwamba kuanzia mwezi ujao karani Kasiani Fransis ataacha kazi ya soya na kwenda kushika vitabu vya ghala jipya la jamii ya kunde. Wenzangu walinipongeza. Mimi nilishika ukuta.

Niruhusu nieleze ugonjwa wangu kwa ufupi kwanza, halafu kwa urefu, ili ukichoka njiani uwe umekwisha kuelewa. Kwa ufupi ni hivi: chakula nikishakiandika kwenye kitabu cha serikali, siwezi tena kukila.

Si kinyaa, Mzee wangu, wala si maringo ya shule. Ni hofu. Kitu kikishaandikwa kina mwangalizi, na mwangalizi mwenyewe ni mimi. Kila tonge naliona ni upungufu. Nikitafuna najisikia kama nafuta mstari, na nikimeza najisikia kama nimeufuta bila sahihi. Mtu mwingine huacha kitabu ofisini akaenda nyumbani kula. Mimi kitabu hunifuata mpaka kwenye jamvi.

Sasa kwa urefu.

1. Ulinipokea nikiwa nimetoka shule ya misheni kule kwetu kusini, kijana mwenye mwandiko mzuri na tumbo la kawaida. Ukanituma machinjioni kuandika wanyama. Nilifundishwa kumweleza kila mmoja kwa jinsia, rangi na alama, ili asichanganywe na mwenzake. Siku ya kwanza nikaandika: "Dume, mwekundu, pembe ya kushoto imevunjika, mpole." Hilo neno mpole hakuna aliyenituma. Jioni, Bi Mwanaheri, mama mwenye nyumba ninamopanga hapa Temeke, akaniletea bakuli la mchuzi. Nikainua kipande, nikajiuliza: huyu si yule mpole? Nikakirudisha. Bi Mwanaheri akanitazama akasema, "Mwanangu, unakula au unakagua?" Tangu siku hiyo sijala ng'ombe wala mbuzi, na kondoo nilimwacha kwa kuwaonea haya wenzake.

2. Ulipoona nimekonda ulinionea huruma, ukasema, "Mpelekeni kwa samaki akapate upepo." Upepo niliupata. Lakini nilipewa na kitabu. Nikaandika changu, nikaandika kolekole, nikaandika taa na kamba. Kwa pweza palitokea ubishi kati yangu na mchuuzi, yeye akitaka ahesabiwe mmoja, na mimi nikihofia kwamba mkaguzi angetaka mikono. Sitaurefusha ubishi huo. Matokeo yake bahari yote ilifungwa kwangu kabla ya Ramadhani, na Bi Mwanaheri, ambaye kila futari alikuwa akiniwekea kichwa cha samaki ingawa mimi ni Mkristo, aliona nimemdharau. Hakusema nami mpaka Idi.

3. Kisha kikaja kideri. Kuku wa viunga vya mji wakawa wanakufa, nikatumwa nyumba kwa nyumba, kuanzia Kimara mpaka Mwananyamala, kuandika waliokufa, waliobaki, na mayai yao. Watu waliwaficha. Nilikuta kuku ndani ya chungu, kuku chini ya kitanda, kuku ndani ya mfuko wa maranda ya seremala. Wote niliwaandika, na wote wakaondoka katika chakula changu, wao na mayai yao.

Palikuwa na nyumba moja tu iliyokuwa safi. Huko Mwananyamala nilimkuta mama mmoja amesimama mlangoni, mgongoni amebeba mtoto aliyefunikwa kanga gubigubi. Nikamwamkia, nikauliza kama ana kuku. Akasema, "Kuku? Hapa? Hapa nina mtoto tu, ana homa." Mtoto akawika. Yule mama hakupepesa macho. Nami, kwa kuwa nimefundishwa kuandika ninachoambiwa na mwenye nyumba, nikaandika: "Kuku hakuna. Mtoto mmoja, ana homa." Sikuona adabu ya kumbishia mzazi kuhusu mwanawe. Ndani ya nyumba kulikuwa na binti aliyecheka mpaka nikasikia amekaa chini kwa kishindo. Kicheko hicho kilinifuata njia nzima mpaka Temeke, na majuma yaliyofuata nikarudi mara kadhaa kuulizia hali ya mgonjwa. Mama huyo anaitwa Demetria. Binti anaitwa Anjelina. Nitarudi kwao katika namba ya saba.

Maziwa niliyaacha mwaka huo huo, uliponikabidhi kile kipimo cha kutafuta maji ndani ya maziwa ya wachuuzi. Naona jambo hilo halihitaji namba yake.

4. Hapo ndipo uliponipa dawa. Nayakumbuka maneno yako: "Kula soya, Kasiani. Soya haina damu, haina mwiba, wala haiwiki." Nilikushukuru kwa moyo wote. Nilikula soya kwa furaha kubwa, mpaka ulipoona jinsi nilivyofurahi, ukanifanya karani wa soya.

Tangu hapo hakuna kitu cha soya ambacho hakijapita chini ya kalamu yangu. Nimeandika unga wa soya, uji wa soya, kahawa ya soya, maziwa ya soya, na lile andazi gumu ambalo Bwana Shamba aliliita nyama ya soya. Kile kikaratasi kisemacho "Soya Hujenga Mwili" kilikuwa mwandiko wangu kabla hakijawa cha mpiga chapa. Na kwenye maonyesho, Mzee wangu, ni mimi niliyesimamishwa juu ya sanduku nile mbele ya watu ili wapate imani. Hapa hapa Temeke, Bwana Shamba aliponielekezea fimbo akisema soya ni chakula cha kujenga mwili, mama mmoja mwuza mihogo alisema kwa sauti, "Kama ni cha kujenga, mbona huyu fundi kamwacha kwenye msingi?" Umati wote ukacheka. Katika taarifa yake Bwana Shamba alisema umati ulipendezwa.

Sasa kila mtu ananiambia nile soya. Nikienda hospitali, dresa ananiambia soya. Nikipita dukani kwa Bwana Shamsuddin Remtulla, mwuza nafaka wa mtaa wetu, anapiga kelele kutoka kwenye mizani, "Bwana Karani! Soya mpya imefika!" Padre ameitaja katika mahubiri, baada ya mana ya jangwani. Mimi ndiye niliyewafundisha wote hao kusema hivyo, na mimi ndiye nisiyeweza kuimeza.

5. Namba hii nimeifuta. Ilihusu kahawa ya soya na lile ua lililokauka chini ya dirisha la ofisi yako. Naomba usiinue karatasi kwenye mwanga.

6. Ndipo nilipoanza kutafuta mwenyewe chakula cha kujenga mwili ambacho hakina damu, hakina soya, na hakijapata kuingia katika kitabu chochote cha serikali. Nilidhani hakipo. Kumbe kilikuwa kimejaa pande zote, kimekaa kimya kwenye vyungu vya watu.

Wa kwanza kunishika mkono ni Bi Mwanaheri. Nilipomweleza shida yangu alishusha pumzi, akasema, "Kumbe wewe vinakushinda vitu vyenye karatasi. Ungesema mapema. Kula vyetu sie, hivyo havina mtu wa kuviandika." Akanipikia kunde kwa nazi. Asubuhi yake akanipa mbaazi za tui zito na chapati, jioni choroko na wali, na siku ya pili kisamvu kilichotwangwa kikaungwa kwa karanga. Nilikula mpaka nikalamba mwiko, naye akasimama mlangoni mikono kiunoni akiwaita majirani waje watazame.

Wa pili ni Rubabbai, mke wa Bwana Shamsuddin. Siku moja nilipita mlango wa nyuma ili nimkwepe mumewe na soya yake, nikamkuta anakaanga bajia za kunde uani. Akanipa moja, akanipa ya pili, akaniuliza kwa nini nimekuwa mwembamba kama uzi wa cherehani. Nilipomweleza alicheka mpaka akashika mbavu. "Kijana," akasema, "dengu ya jikoni kwangu hata mume wangu haiandiki, hiyo serikali itaijulia wapi?" Tangu siku hiyo amenizoesha kula dengu iliyochemshwa na bizari mpaka ikavurugika, na choroko zilizolowekwa zikafunikwa kitambaa mpaka zikaota mkia. Sikujua kwamba choroko ina mkia. Ni tamu, Mzee wangu, na kwa ndimu na pilipili mbichi ni tamu zaidi. Mumewe bado anadhani huwa napita uani kukagua soya.

Wa tatu ni mama yangu mzazi, ambaye hunitumia kwa meli ya kutoka Lindi mfuko wenye njugumawe, korosho za kuchomwa, na ufuta uliosagwa ukafungwa kwenye jani. Njugumawe zikichemshwa kwa chumvi hazitaki kitu kingine. Fiwi nazipata kwa jirani ambaye ua wake umeelemewa nazo, na mbegu za maboga nazikaanga mwenyewe.

Ili uone kwamba mtu anaweza kuishi bila soya wala mnyama, nimezipanga hapa kwa mwandiko wangu mzuri kabisa:

Kunde.
Mbaazi.
Choroko.
Dengu.
Fiwi.
Njugumawe.
Karanga.
Korosho.
Ufuta.
Mbegu za maboga.

Mashavu yangu yamerudi. Shati langu la kanisani limeanza kunibana. Nalitaja kama ushahidi tu.

7. Sasa nafika kwa Anjelina, na hapa naomba uvumilivu wako kuliko mahali pengine pote.

Nimemposa. Wamekubali, lakini kwa shida, na shida yenyewe ni firigisi. Kwa desturi ya kwetu mkwe haketi uso kwa uso na mama mkwe. Mama Demetria hukaa nyuma ya pazia, nami hukaa upande huu pamoja na mshenga wangu, Mzee Romani mchonga vinyago, na maneno yote hupitia kwake, ingawa pazia ni jembamba na sote tunasikiana tukipumua. Siku ya kwanza ya kupokelewa nililetewa kuku, na juu yake firigisi. Wewe ni mtu mzima, unajua firigisi hapewi mtu hivi hivi. Ukipewa, umepokelewa. Lakini kuku yule alinunuliwa Kimara, na Kimara yote niliiandika mimi.

Nikaisogeza firigisi upande wa Mzee Romani. Sauti ya Mama Demetria ikasema nyuma ya pazia, "Mzee Romani, hebu mwulize mgeni wako, firigisi yangu ina nini?"

"Haina kitu, mama."

"Basi mbona inatembea?"

Nikamnong'oneza Mzee Romani habari ya vitabu, naye akamweleza vizuri kuliko nilivyomweleza.

"Yaani kaacha nyama kwa ajili ya wino?"

"Ndivyo asemavyo."

"Na samaki?"

"Wino huo huo, mama."

"Na huyu ndiye atakayemlisha mwanangu?"

Anjelina alikuwa anacheka jikoni. Nilimshukuru moyoni, maana kama asingecheka ningeondoka bila viatu.

Mzee Romani alikwenda na kurudi kwao mpaka akalalamika magoti. Mwisho likapatikana neno: kila Jumapili hadi siku ya ndoa nitakula kwao, na Mama Demetria atanipikia kunde. Lakini aliongeza jambo, na Mzee Romani akanirudia neno kwa neno ingawa nililisikia mwenyewe: "Kunde atakula. Siku atakapozikataa na kunde, aje achukue posa yake, maana sikumzaa Anjelina aje amtazame mtu akifa njaa mbele ya sahani." Jumapili ya kwanza ni kesho, sikukuu ya Kupalizwa. Padre ataanza kututangaza kanisani Jumapili itakayofuata, kama bado tutakuwa wa kutangazwa.

Ndiyo maana nilishika ukuta, Mzee wangu. Mimi na ndoa yangu tumebaki tumeshikwa na shina la kunde, na wewe, kwa nia njema kabisa, unanipa kisu nikalikate.

8. Hebu tazama kitakachotokea nikiingia katika ghala lile. Siku ya kwanza nitaandika kunde. Siku ya pili mbaazi na choroko. Juma likiisha nitakuwa nimebaki na majani. Utaniona nakonda, utanionea huruma kama ilivyo kawaida yako, utanipeleka kwenye mboga, nami nitaandika mchicha. Kutoka hapo nitapelekwa kwenye mihogo na mahindi, na ugali utaniaga. Nikiwa sina tena nguvu ya kutembea nitapewa kazi ya kukaa, labda kuandika mita za maji, nami nitaacha maji. Mwisho mtanihurumia kabisa mnipeleke kwa wale wanaoandika upepo kule uwanja wa ndege, na hapo sijui nitavuta nini.

Wala usidhani ni mimi peke yangu mwenye mkono huu. Kule kwetu kusini serikali iliziandika karanga kuliko zilivyopata kuandikwa popote, kwa matrekta na ramani na vitabu vya kila rangi. Karanga zenyewe zikagoma kuota. Sisemi kwamba ni wino. Nasema tu kwamba mama yangu, ambaye hajui kusoma, alivuna.

9. Sikuja na malalamiko matupu, nimekuja na ushauri pia. Nipeleke kwenye katani. Katani hailiwi. Nipeleke kwenye misumari, au mabati, au leseni za mbwa. Nilifikiria pia ofisi ya kuandikisha ndoa, kwa kuwa iko kivulini na haina harufu, lakini nikaogopa. Siku moja ingenilazimu kumwandika Anjelina, na sitaki kujua kitakachofuata. Katika barua hii nimemtaja kwa mazungumzo tu, sikumpanga kwenye orodha. Kanisani nimekwisha kumwomba Padre ashike kalamu mwenyewe.

Nimeona niishie hapa kabla kalamu haijanipeleka pengine. Ninachoomba ni tangazo lile libanduliwe. Kama limebandikwa kwa gundi nzuri, basi angalau jina langu lifunikwe na tangazo jingine, hata lile la mkutano wa mpira.

Nisalimie Mama nyumbani, na watoto, na yule shemeji yako aliyekuja kutoka Morogoro kwa siku chache na bado yupo. Wasalimie wote ofisini, ingawa Jumatatu nitawaona kabla yako. Msalimie Bwana Shamba, lakini usimtajie mama wa mihogo. Bi Mwanaheri anakusalimu sana, na anauliza kama bado mna ile sufuria yake kubwa ya maonyesho.

Wako mwenye hofu na utii,

Kasiani Fransis,
Karani, meza iliyo karibu na bawaba.

Nyongeza. Jumapili jioni.

Mzee wangu, jana barua hii haikufungwa kwa kuwa gundi ilikuwa imekauka, na leo imebidi niongeze haya.

Nilikwenda Mwananyamala baada ya misa. Pazia lilikuwa pale pale. Zikaletwa kunde, zimepikwa kwa tui la kwanza, na harufu yake ilikuwa imenipokea tangu barabarani. Nikanawa. Nikafinyanga tonge la ugali, nikachovya, likasimama nusu ya njia. Niliziona, Mzee wangu. Niliziona katika namba ya sita, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, za kwanza kwenye orodha, juu ya mbaazi. Nilikuwa nimeziandika mimi mwenyewe, katika barua ya ofisi, nikiomba nisiziandike.

Mzee Romani alinifinya paja. Ikatoka sauti nyuma ya pazia: "Mzee Romani, mgeni wako anakula au anasali?"

"Anakula, mama."

"Mbona simsikii?"

Mzee Romani akaanza kutafuna kwa sauti.

"Huyo ni wewe," akasema Mama Demetria.

Jikoni hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko yote. Nikafanya jambo lisilofanyika: nikasema mwenyewe, bila kupitia kwa mshenga. Nikasema, "Mama, nisamehe. Nimeziandika jana." Nikaanza kuitafuta kofia yangu.

Ndipo pazia likatikisika, na chini yake ukatokea mkono umeshika sahani iliyofunikwa kwa kawa.

"Mzee Romani, mwulize karani wetu. Mwaka ule wa kideri, kitabu chake kilisema nini juu ya nyumba hii?"

Sikusubiri kuulizwa. Nikajibu, "Kuku hakuna. Mtoto mmoja, ana homa."

"Vizuri," akasema. "Basi hapo kwenye sahani hakuna kuku. Ni yule mtoto. Homa imemtoka leo asubuhi."

Nikafunua. Mgonjwa alikuwa amenona sana, na juu yake imewekwa firigisi. Nilimtafuta katika vitabu vyote nilivyopata kushika, tangu machinjioni mpaka soya, na hakuwamo. Nikaila firigisi, Mzee wangu. Nikala paja, nikala la pili, na nilipokuwa nanyonya mfupa Anjelina alicheka jikoni mpaka nikasikia kitu kimeanguka kikavunjika. Mama mkwe wangu hakumgombeza. Mzee Romani alizimaliza kunde peke yake na anasema magoti yamepona. Jumapili ijayo tunatangazwa.

Kwa hiyo naomba namba ya kwanza mpaka ya tisa uzichukulie kama ile ya tano. Ghala la kunde nitakwenda mwezi ujao bila kinyongo, maana huko sina tena cha kupoteza. Soya mpe mwingine, ila nashauri asiwe mwembamba.

Lakini nasikia kideri kimeonekana tena upande wa Kimara. Kikifika Mwananyamala, nakusihi asitumwe karani mwingine. Nitume mimi. Marehemu yule ameacha watoto wengi, nimewaona leo kwa macho yangu uani kwa mama mkwe wangu, wakichakura chini ya mpapai, na wote, Mzee wangu, wana homa.